Imam Ghazali na Hisabu ya Nafsi

Imam Abu Hamid Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Tus, nchi ya Khurasani, mwaka 1058. Mwaka 1091 alikabidhiwa kusomesha Nidhamiya ya Baghdad, akatukuka mno. Kisha akaichungua nia yake, akaona asomesha kwa kutaka jaha. Mwaka 1095 ulimi ukafungika darsani, chakula kikawa hakipiti. Akaacha cheo, akaenda Sham.

Katika Ihyaa atuelekeza: baada ya Alfajiri mtu akae kitambo, ashurutiane na nafsi yake kama tajiri na mshirika wake, mchana aichunge, usiku aihisabu faida na hasara. Sisi watu wa mji twahisabu hata thumuni kila jioni, na hisabu hii twaiona nzito! Imamu alirejea kwao Tus, akafariki huko mwaka 1111.