Baden-Powell na nyumba yake juu ya Mto Chania

Wenzangu wa pwani, mkifika Nyeri mkashukia Majengo, msiishie kwenye msikiti na chai. Tembeeni mpaka bonde la Mto Chania. Pale, katika uwanja wa hoteli ya Outspan, ipo Paxtu, nyumba aliyojengewa Robert Baden-Powell mwaka 1938. Jemadari huyu, mzaliwa wa London 1857, alipata sifa Mafeking alikozingirwa siku 217. Waafrika waliokufa njaa mle hawatajwi sana, nami nasema watajwe. Mwaka 1907 alipiga kambi na vijana kisiwani Brownsea, ndipo skauti ikaanza. Alifariki Nyeri 8 Januari 1941. Kaburini pamechorwa duara lenye nukta, alama ya skauti aliyekwenda nyumbani. Mkewe Olave alifia Uingereza 1977 (wao huchoma maiti, sisi hatuna hayo), majivu yakaletwa hapo hapo.