John McCrae: Tabibu wa vita aliyeacha mishororo 15

Leo nataka kuwasimulia habari za bwana mmoja aliyekuwa askari, tabibu na mshairi. Jina lake ni John McCrae. Alifariki 1918, lakini kila ifikapo tarehe 11 Novemba, ua jekundu la bandia ambalo watu wa Uingereza, Kanada na kwingineko hulibandika kifuani latokana na shairi lake moja, tena fupi.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1872 katika mji mdogo wa Guelph, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Nyumba aliyozaliwa ni ya mawe, na hadi leo ipo, imefanywa makumbusho. Watu wake asili yao ni Scotland, na baba yake, David, alikuwa afisa wa mizinga. Kijana basi alijua mzinga kabla ya kujua dawa. Alikuwa na pumu, na maradhi hayo yalimwandama maisha yake yote. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Toronto, akahitimu 1898.

Mwaka 1900 alikwenda Afrika Kusini kupigana katika vita vya Waingereza na Makaburu. Hakwenda kama tabibu, alikwenda na mizinga. Aliporudi 1901 alikuwa amechukizwa na namna askari wagonjwa walivyotupwa bila ya matunzo. Akakaa Montreal, akafundisha Chuo Kikuu cha McGill, na 1912 yeye na mwenzake, Adami, walitoa kitabu cha elimu ya maradhi.

Vita Vikuu vilipozuka 1914 umri wake ulikuwa miaka 41. Angeweza kubaki na wanafunzi wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakubaki. Alitwaa cheo cha meja, akawa tabibu wa kikosi cha mizinga, akavuka bahari pamoja na farasi wake, Bonfire.

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walifungulia moshi wa sumu ya klorini. McCrae alikaa hapo siku 17, akitibu majeruhi ndani ya shimo lililochimbwa katika ukingo wa mfereji. Makaburi yalikuwa jirani, na kila siku yalizidi.

Tarehe 2 Mei bomu la mzinga lilimuua rafiki yake, Luteni Alexis Helmer wa Ottawa, kijana wa miaka 22. Mwili ulikusanywa vipande. Kasisi hakuwapo, basi tabibu mwenyewe ndiye aliyesimama akasoma maneno ya maziko ya dini yake, kwa alivyoyahifadhi moyoni. Sisi tuliolelewa chuoni kwa kuhifadhi twaelewa: elimu iliyo moyoni ndiyo imfaayo mtu pale pasipo na kitabu wala taa.

Baada ya maziko hayo akatunga. Ua alilolitaja ni la mpopi, jamaa ya mmea utoao afyuni. Mbegu zake hulala ardhini miaka mingi, na udongo ukichimbuliwa huota. Mabomu na makaburi yalikuwa yameichimbua nchi yote ile, ndipo wekundu ukatanda.

Mimi ni mtunzi, na nimelisoma shairi hilo kwa jicho la fundi. Lina beti tatu: ya kwanza mishororo mitano, ya pili minne, ya tatu sita. Vina vyake ni viwili tu tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mshororo una mizani nane, sawa na kipande kimoja cha mshororo wetu, isipokuwa kibwagizo chenye mizani minne, ambacho ni maneno ya mwanzo yakirudi kufunga beti mbili za mwisho. Wasemao ni maiti. Shairi lilichapishwa katika gazeti la Punch la London tarehe 8 Desemba 1915, bila jina la mtunzi.

Hapa ndipo pana mzozo. Beti mbili za kwanza ni kilio. Ya tatu ni amri: maiti wawataka walio hai waendeleze vita. Mwaka 1917 serikali ya Kanada ilipotaka watu waikopeshe fedha za vita, shairi hili lilitumika kuwavuta. Wako wasemao kwamba ubeti huo umeharibu kazi yote. Mimi nasema McCrae hakuongopa. Alitaka vita vishindwe na upande wake, na hakumtuma mtu pale asipokwenda mwenyewe. Lakini maiti hawana ulimi. Mtunzi anayewasemea amejitwika dhamana nzito, kwa kuwa wale vijana waliouitika wito huo hawakuweza kumuuliza Helmer kama kweli ndivyo alivyotaka.

McCrae alihamishiwa hospitali ya Wakanada huko Ufaransa, iliyoanzia katika mahema kisha ikahamia Boulogne. Waliomjua walisema kicheko chake kilibaki Ypres. Tarehe 28 Januari 1918 alikufa kwa homa ya mapafu na ya uti wa mgongo, vita havijesha. Alizikwa Wimereux. Bonfire alitangulia mazishini, buti za bwana wake zimetiwa katika vikuku vya kupandia, zimegeuzwa nyuma.

Kaburi la Helmer liliharibiwa na vita, halijulikani lilipo; jina lake limechorwa katika lango la Ypres pamoja na maelfu wasio na makaburi. Vita hivyo hivyo vilifika Tanga Novemba 1914, vikawameza wapagazi wetu wengi ambao hata majina hayakuandikwa. Kijana yule wa Ottawa akumbukwa kwa sababu aliyemzika alikuwa mtunzi. Malenga wetu, kazi hiyo yawangoja.