Baba ya Simba wa Mto Tana

Mpenzi msomaji, ukiambiwa upige kambi karibu na mto wenye mamba, utakubali? Wengi wetu hapa Kachibora tungetimua mbio! Lakini Mzee George Adamson aliishi mahali kama hapo karibu miaka 20.

Alizaliwa India mwaka wa 1906, akaja Kenya mwaka wa 1924. Alihangaika sana ujanani. Hata alitafuta dhahabu huku kwetu magharibi, Kakamega, akaambulia patupu. Mwaka wa 1938 aliajiriwa na idara ya wanyamapori, akapelekwa kaskazini. Mwaka wa 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kumbe ana watoto! Yeye na mkewe, Joy, wakamlea mmoja, Elsa, mpaka akaweza kurudi mwituni.

Mwaka wa 1970 Mzee alihamia Kora, kusini mwa mto Tana, nchi kame yenye miiba mitupu. Akajenga Kampi ya Simba. Huko mambo yalikuwa kinyume: watu ndani ya ua wa waya, simba nje! Kazi yake ilikuwa kuwafunza simba waliofugwa na watu wajitegemee porini. Aliwatembeza hadi mtoni, na mamba hana rafiki. Simba mmoja mchanga, Katania, alipotea, na inadhaniwa aliliwa na mamba.

Hatari haikuwa mtoni tu. Mwaka wa 1971 simba aliyeitwa Boy alimuua mfanyakazi wa kambi. Mzee mwenyewe alimpiga Boy risasi. Je, kumrudisha simba porini kwastahili roho ya mtu? Swali hili ni la haki, wala tusilikwepe. Lakini bila kazi ile, nani angeijali Kora? Mwaka wa 1973 ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama.

Tarehe 20 Agosti 1989, majambazi walimvamia mgeni wa kambi. Mzee, mwenye miaka 83, hakujificha. Aliingia garini akaenda kumwokoa, akauawa pamoja na wafanyakazi wake wawili. Mamba na simba walimwacha; binadamu ndiye aliyemmaliza. Alizikwa palepale Kora, na mwaka wa 1990 Kora ikawa mbuga ya taifa.

Wanafunzi wenzangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mola ailaze roho yake mahali pema.