Vilhjalmur Stefansson, Msafiri Aliyeishi kwa Nyama

Leo twawaletea askari na polisi wetu maisha ya Vilhjalmur Stefansson, kwa kuwa yanahusu jambo linalomgusa kila aliye kazini: chakula chake.

Stefansson alizaliwa mwaka 1879 huko Manitoba, Kanada, kwa wazazi waliotoka Iceland. Mwaka 1906 alikwenda kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, akakaa na Wainuit, wawindaji na wavuvi hodari, akala kama walivyokula. Kati ya 1913 na 1918 aliongoza msafara wa serikali, akivuka bahari ya barafu kwa kutegemea sili na dubu aliowawinda njiani. Sifa yake ina doa: meli yake Karluk ilizama Januari 1914 naye hayupo, na watu 11 wa msafara huo wakapoteza maisha.

Wengi hawakusadiki kwamba mtu aweza kuishi kwa nyama pekee. Basi mwaka 1928 yeye na mwenzake Karsten Andersen walijitoa kupimwa na madaktari wa hospitali ya Bellevue, New York, wakala nyama mwaka mzima. Stefansson alipopewa nyama isiyo na mafuta aliugua. Alipoongezewa mafuta alipona. Mwisho wa mwaka madaktari hawakuona madhara, ila jambo moja: miili yao ilikuwa imepungukiwa uwezo wa kupokea sukari. Waliporudia chakula cha kawaida, uwezo huo ulirejea.

Sababu yake yajulikana. Asiyekula wanga, kongosho lake hutoa insulini kidogo. Ini hutengeneza sukari kutokana na protini, nayo misuli huchoma mafuta na kuuachia ubongo sukari hiyo. Sukari nyingi ikiingia ghafla, huchelewa kuondoka katika damu.

Katika Vita Kuu ya Pili, Stefansson alihimiza majeshi yapewe pemikani, yaani nyama kavu iliyochanganywa na mafuta. Askari wa Kanada waliojaribiwa nayo ghafla wakati wa baridi walilegea katika siku chache tu. Alilolizoea mtu mmoja kwa miaka mingi, kikosi hakikuliweza kwa amri ya siku moja.

Stefansson alifariki mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 82. Kwetu somo ni hili: mwili hubadilika, lakini hudai muda. Na mwenzetu anayetumia dawa za kisukari asiache wanga bila kumwona daktari, kwani dawa ile ile iliyomfaa jana yaweza kushusha sukari yake hadi azimie akiwa lindoni.