Dawa Zilizokwama Unyanyembe

Sisi tuliokulia Tabora, shule ya msingi ilikuwa lazima mpelekwe Kwihara. Mnaonyeshwa tembe alilokaa David Livingstone, mnakula maembe njiani, mnarudi. Mimi nilibaki na picha ya kofia yake na habari za Stanley, basi. Mwaka huu, kwenye somo la dawa zitokanazo na viumbe hai, mhadhiri alitueleza habari za sifongo wa bahari ya Karibiani aliyewaonyesha wanakemia njia ya kutengeneza dawa za virusi, kisha akarudi nyuma hadi gome la mti wa kwinini. Hapo akamtaja yule mzee wa Kwihara. Kumbe alikuwa mtu wa fani yetu!

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari kibarua wa kiwanda cha pamba. Udaktari aliusomea Glasgow, akahitimu 1840. Umishonari wake na safari zake tumezikariri sana, lakini vidonge vyake nani anavijua? Kwinini ilitenganishwa na gome lake huko Paris mwaka 1820. Livingstone akaichanganya na chumvi ya zebaki na mizizi miwili ya kuharisha, akawapa wagonjwa wa homa mpaka masikio yavume. Ukiandika zebaki kwenye mtihani wa leo unarudia mwaka. Alipokwisha kufa, kampuni moja ya London iliviuza vidonge hivyo kwa jina lake.

Tusimpambe kupita kiasi, lakini. Mkewe Mary alikufa kwa homa pale Shupanga, kando ya Zambezi, mwaka 1862, na dawa ya mumewe haikumwokoa. Kinachonivutia kwake ni kwamba hakuficha yaliyoshindikana. Aliwahi kumpa aseniki farasi aliyeumwa na mbung'o, akachapisha matokeo mwaka 1858: farasi alipata nafuu, kisha akafa. Kwenye msafara wa Zambezi alikuwapo pia John Kirk, ambaye mswaki wake uligusana na sumu ya mishale iitwayo kombe. Alipoutumia, mapigo ya moyo yakapungua. Kutoka kwenye mbegu hizo, Edinburgh wakapata dawa ya moyo. Wawindaji waliokuwa wakiipika sumu ile vizazi na vizazi hawakuandikwa popote.

Sasa nije kwenye sanduku. Januari 1867, ndani ya Zambia ya leo, wapagazi walitoroka na mzigo uliokuwa na dawa zake zote. Mwenyewe aliona kama amesomewa hukumu ya kifo. Machi 1869 akafika Ujiji hoi, kifua kimembana, akitegemea shehena aliyoagiza kutoka Zanzibar. Nyingi ilikuwa imeibwa. Na dawa je? Zimebaki Unyanyembe, yaani kwetu Tabora, mwendo wa siku 13. Treni ya Kigoma leo inakwenda njia hiyo usiku mmoja, ukibahatika. Yeye hakuweza kuzifuata. Barabara ya misafara ilikuwa imefungwa kwa vita. Daktari anaumwa, dawa yake ipo, na haipatikani. Wenzangu mliofanya mazoezi kwenye zahanati za vijijini hamhitaji kuelezwa zaidi.

Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja hadi Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka, mzee akabaki kwenye lile tembe akisubiri wapagazi. Walifika 57, na tarehe 25 Agosti akaelekea tena kusini, mabwawa ya Bangweulu, akiwa anatokwa damu tumboni. Kwinini si dawa ya hilo. Alikufa kijijini kwa Chitambo, Mei 1873.

Hapa ndipo somo letu lilipomwacha, na ndipo mimi nilipoanza kusoma kwa bidii. Mmoja wa watu wake, Farijala, aliwahi kumtumikia daktari huko Zanzibar na kuona maiti zikipasuliwa. Yeye ndiye aliyempasua mzee. Alikuta mapafu yamekauka, yana mabaka, na upande wa kushoto wa tumbo donge la damu kubwa kama kiganja. Moyo ukazikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14. Susi na Chuma wakaongoza msafara.

Oktoba 1873 walipita Kwihara na mzigo wao. Luteni Cameron, aliyetumwa kuja kumsaidia mzee, akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa Westminster. Kati ya wote waliombeba, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyehudhuria mazishi. Jina la Farijala nimelikuta kwenye shajara za marehemu zilizochapishwa mwaka huohuo. Kwenye vitini vyetu halimo.