Margarete Trappe

Margarete Trappe (1884 - 1957) alikuwa mkulima, mfugaji na mwindaji wa kulipwa kutoka Ujerumani aliyeishi Momella, upande wa mashariki wa Mlima Meru, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Arusha nchini Tanzania. Mara nyingi anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya mwindaji wa kulipwa katika Afrika ya Mashariki. Wamasai walimwita Yeyo, neno la Kimaasai lenye maana ya mama.

Baada ya kifo chake sehemu kubwa ya mashamba na mbuga za Momella iliingizwa katika hifadhi ambayo sasa inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Eneo hilo lilijulikana duniani kupitia filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, na maisha ya Trappe mwenyewe yakawa tamthilia ya televisheni nchini Ujerumani mwaka 2007.

Maisha ya awali

Trappe alizaliwa mwaka 1884 katika Silesia, jimbo lililokuwa wakati ule sehemu ya mashariki ya Dola la Ujerumani. Siku hizi sehemu kubwa ya Silesia iko Poland. Alikulia mashambani, akazoea farasi na bunduki tangu ujana wake.

Mwaka 1907 alifika pamoja na mume wake, Ulrich Trappe, katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilikuwa bado haijafika Moshi. Ilifika huko mwaka 1911. Kwa hiyo wasafiri waliokwenda Meru walimalizia safari kwa miguu, kwa farasi au kwa mikokoteni iliyokokotwa na ng'ombe.

Eneo la Momella

Momella iko kati ya Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, na uwanda unaoelekea Kilimanjaro. Ina maziwa saba ya magadi yasiyo na kina kirefu, likiwemo Momella Kubwa na Momella Ndogo. Maji yake ya chumvi huvutia flamingo wengi, lakini hayafai kwa kilimo. Misitu ya karibu ina mbega, nyati, tembo na twiga. Meru ni volkeno, na mlipuko wake wa mwisho ulitokea mwaka 1910, miaka mitatu baada ya familia ya Trappe kufika.

Nchi hiyo haikuwa tupu. Wameru walilima kwenye miteremko ya mlima, Waarusha walikaa upande wa kusini-magharibi, na Wamasai walichunga katika tambarare. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri. Wajerumani chini ya Kapteni Kurt Johannes walijibu kwa mashambulizi makali: watu wengi waliuawa, migomba ilikatwa na mifugo ikachukuliwa. Miaka michache baadaye Waarusha na Wameru walilazimishwa kujenga boma la Arusha, ambalo kwa sasa ni makumbusho.

Baada ya hapo serikali ya kikoloni iligawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika miaka ya 1904 na 1905, wakafuatwa na walowezi Wajerumani. Mashamba yao yaliuzunguka mlima kama mshipi. Wakazi wa juu walitenganishwa na malisho yao ya tambarare na sehemu za chumvi walikonyweshea mifugo. Shamba la Trappe lilikuwa moja ya mashamba ya mshipi huo.

Familia ya Trappe ilitumia sehemu kubwa ya eneo hilo kwa ufugaji wa ng'ombe. Kazi ya kuchunga, kuendesha mikokoteni na kujenga ilifanywa na Waafrika walioajiriwa.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Vita ilipoanza mwaka 1914, eneo la Meru na Kilimanjaro lilikuwa mstari wa mbele, kwa kuwa mpaka na eneo la Kiingereza ambalo leo ni Kenya ulikuwa karibu. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza walishambulia Longido, kaskazini mwa Meru, wakarudishwa nyuma. Ulrich Trappe aliingia katika jeshi la Schutztruppe lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Margarete alibaki akisimamia shamba na watoto, na alilisaidia jeshi la Wajerumani kwa mifugo na usafiri.

Mnamo Machi 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliteka Moshi na Arusha. Lettow-Vorbeck alirudi kusini na kuendelea kupigana hadi Novemba 1918. Vita hiyo iliwaua Waafrika wengi sana, hasa wapagazi waliokufa kwa njaa, uchovu na magonjwa.

Baada ya vita koloni likawa Tanganyika, eneo la kudhaminiwa chini ya Uingereza. Mali za Wajerumani zilichukuliwa kama mali za adui na wengi wao wakafukuzwa nchini. Familia ya Trappe pia ilipoteza shamba lake. Tangu mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa tena kuingia Tanganyika, na Margarete Trappe alianza upya katika eneo la Meru.

Mwindaji wa kulipwa

Kati ya vita mbili za dunia Arusha ulikuwa mji mdogo uliopata sehemu ya kipato chake kutokana na safari za uwindaji. Wageni matajiri kutoka Ulaya na Marekani walikuja kutafuta simba, tembo, nyati na faru. Kila mgeni alihitaji leseni kutoka serikalini na mtu wa kumwongoza aliyefahamu njia, maji na tabia za wanyama.

Trappe alifanya kazi hiyo ya kuongoza. Ilikuwa nadra kwa mwanamke kuifanya, kwa sababu mwindaji wa kulipwa aliwajibika kwa usalama wa mgeni wake: mnyama aliyejeruhiwa akijificha kichakani, ni yeye aliyepaswa kumfuata na kummaliza. Alipata sifa ya kuwa na shabaha nzuri na utulivu mbele ya wanyama wa hatari.

Safari ya namna hiyo ilitegemea watu wengi: wafuata nyayo, wapagazi, wapishi na wachunaji ngozi. Wengi wao walitoka miongoni mwa jamii za eneo hilo. Ujuzi wa kusoma nyayo na upepo ulikuwa wao, ingawa vitabu vya uwindaji vya wakati ule vilimpa sifa zaidi mwenye bunduki.

Trappe anakumbukwa pia kwa kutenga sehemu kubwa ya Momella ambako wanyama hawakuwindwa. Si jambo la ajabu kwa wawindaji wa kizazi chake. Baadhi yao walikuwa wa kwanza kuona kwamba wanyama wanapungua, nao wakawa watetezi wa hifadhi.

Vita Kuu ya Pili na baadaye

Mwaka 1939 vita ilipoanza tena, serikali ya Kiingereza iliwakamata wanaume Wajerumani wa Tanganyika na kuwaweka kizuizini, na mashamba yao yakawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Wajerumani wengi hawakurudi tena. Trappe alikuwa mmoja wa wachache waliomalizia maisha yao Meru.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa wakati wa mgogoro mkubwa wa ardhi karibu na Momella. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyofanya kazi baada ya vita, ilipendekeza ardhi ya Arusha na Moshi ipangwe upya. Kufuatana na mpango huo serikali iliamua kuwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki na Leguruki ili kuanzisha mashamba ya mifugo ya Wazungu. Kuanzia Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zao zilichomwa moto na walitakiwa kuhamia Kingori.

Wameru walikataa kuinyamazia hatua hiyo. Walichanga fedha, na mwaka 1952 mwakilishi wao Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili za kura katika Mkutano Mkuu. Hata hivyo kesi hiyo iliijulisha dunia habari za Tanganyika na ikawa hatua muhimu katika harakati za uhuru.

Kifo

Margarete Trappe alifariki Momella mwaka 1957, miaka minne kabla ya uhuru wa Tanganyika. Inasimuliwa kwamba wakati wa kifo chake tembo walikuja karibu na nyumba yake. Simulizi hiyo hurudiwa mara kwa mara katika maelezo ya maisha yake.

Mwaka huohuo mwandishi Gerd von Lettow-Vorbeck alitoa kitabu kuhusu maisha yake kwa Kijerumani, Am Fuße des Meru, yaani Chini ya Mlima Meru. Kitabu hicho kilijenga picha yake kwa wasomaji wa Ujerumani.

Momella katika filamu

Mwaka 1960 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kasoko ya Ngurdoto. Baadaye maziwa ya Momella yaliongezwa, na mwaka 1967 kasoko ya Meru iliingizwa pia. Hifadhi nzima ikapewa jina la Arusha.

Wakati hifadhi ilipokuwa inaanza, mwongozaji Howard Hawks kutoka Marekani alileta kikundi chake Tanganyika kutengeneza Hatari! Filamu hiyo inahusu watu wanaokamata wanyamapori kwa ajili ya bustani za wanyama. Waigizaji wakuu walikuwa John Wayne, Elsa Martinelli, Red Buttons na Mjerumani Hardy Krüger. Katika hadithi, kituo chao kinaitwa Momella. Waigizaji walishiriki wenyewe katika kufukuza wanyama kwa magari, na upigaji picha wa Russell Harlan uliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar.

Hardy Krüger (1928 - 2022) aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba huko. Aliishi na kuendesha hoteli hapo hadi miaka ya 1970. Mwaka 1970 alitoa kitabu kuhusu maisha hayo, Eine Farm in Afrika, yaani Shamba katika Afrika. Nyumba yake ya zamani ni sehemu ya hoteli iitwayo Hatari Lodge.

Tamthilia ya televisheni

Katika miaka ya 2000 vituo vya televisheni vya Ujerumani vilitengeneza tamthilia nyingi za familia zilizowekwa Afrika. Kwa kawaida mhusika mkuu ni mwanamke Mzungu anayepigania shamba, watoto au mapenzi. Mfano ni Afrika, mon amour ya mwaka 2007, yenye sehemu tatu, ambamo Iris Berben aliigiza mwanamke aliyehamia koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kabla ya vita ya 1914.

Mwaka huohuo ilitoka Momella - Eine Farm in Afrika, inayosimulia maisha ya Trappe. Christine Neubauer, mwigizaji aliyezaliwa München mwaka 1962 na kujulikana kwa tamthilia za familia, aliigiza nafasi ya Trappe. Hapo awali Rolf Ackermann alikuwa ametoa riwaya kuhusu maisha hayohayo, Die weiße Jägerin, maana yake Mwindaji mweupe wa kike.

Muundo wa kazi hizo hauko mbali na tamthilia za familia za Korea zinazotazamwa Tanzania: kuna mama asiyekata tamaa, urithi unaogombewa na vita inayotenganisha ndugu. Tofauti iko katika suala la urithi wenyewe. Katika tamthilia ya Kikorea ya kihistoria, watu wanaogombea ardhi au nyumba huwa ni wa nchi ileile. Katika tamthilia za walowezi, mtazamaji huombwa amhurumie mwenye shamba anapolipoteza, bila kuoneshwa sana watu waliolipoteza kabla yake. Wahakiki wamezilaumu tamthilia za aina hiyo kwa kuwaweka Waafrika nyuma ya hadithi, kama watumishi au mandhari.

Urithi

Momella ya leo iko katika eneo la Wilaya ya Meru. Wapandaji wa Mlima Meru huanza safari yao katika lango la Momella, na watalii hutembelea maziwa kuona flamingo. Katika maelezo ya historia ya hifadhi, Trappe hutajwa kama mwenye shamba aliyewalinda wanyama.

Kwa Wameru, kumbukumbu kubwa ya enzi hiyo ni kesi ya ardhi na safari ya Kirilo Japhet. Kumbukumbu hizo mbili zinahusu miaka ileile na maeneo yanayopakana. Trappe alipoteza shamba kwa sababu ya vita ya Wazungu akaweza kurudi. Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa na serikali iliyotakiwa kuwalinda, na walipopeleka malalamiko yao hadi New York walirudi bila azimio.