Funakoshi Gichin

Funakoshi Gichin (Shuri, Okinawa, 10 Novemba 1868 – Tokyo, 26 Aprili 1957) alikuwa mwalimu wa shule na mwalimu wa karate kutoka Okinawa, Japani. Kwa desturi ya Kijapani jina la ukoo, Funakoshi, hutangulia. Anajulikana hasa kwa kuipeleka karate kutoka Okinawa hadi visiwa vikuu vya Japani. Wengi humwita baba wa karate ya kisasa, ingawa sifa hiyo ni haki igawanywe na walimu wake na wenzake kadhaa. Mtindo wa Shotokan ulipata jina lake kutokana na jina alilotumia kutia sahihi mashairi yake.

Mwaka 1924 ndiye aliyetoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate. Madaraja ya mikanda yanayotumika leo katika shule za karate yalianzia hapo, na vilevile tofauti kubwa zilizopo kati ya shule moja na nyingine kuhusu nani anastahili mkanda upi.

Utoto na ujana

Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na alikuwa mtoto dhaifu. Familia yake ilitoka katika tabaka la chini la watumishi wa ufalme wa Ryukyu. Mwaka 1879 Japani iliufuta ufalme huo na kuufanya mkoa wa Okinawa, na familia za tabaka hilo zikapoteza nafasi na kipato.

Funakoshi alitaka kuwa daktari. Mtihani wa kuingia shule ya tiba huko Tokyo ulikuwa wa waliozaliwa mwaka 1870 au baadaye, hivyo tarehe yake ya kuzaliwa ilibadilishwa katika kumbukumbu. Alifaulu, lakini hakwenda. Serikali mpya ilikuwa imepiga marufuku fundo la nywele la utosini, na familia yake, iliyoshikilia mila za Ryukyu, haikukubali alikate. Mwaka 1888 alipopata kazi ya mwalimu msaidizi alilazimika kulikata hata hivyo, jambo lililowahuzunisha sana wazazi wake. Alifundisha shule kwa zaidi ya miaka 30.

Kujifunza karate bila madaraja

Alipokuwa mvulana alianza kujifunza kwa Azato Anko, baba wa mwanafunzi mwenzake, na baadaye pia kwa Itosu Anko, rafiki wa Azato. Mafunzo yalifanyika usiku na kwa siri. Hapakuwa na mkanda, cheti wala mtihani. Mwalimu alimwonyesha mwanafunzi kata, yaani mfululizo uliopangwa wa mapigo, vikingo na hatua ambao mtu huufanya peke yake, na mwanafunzi aliurudia mpaka mwalimu aridhike. Funakoshi alitumia takriban miaka 10 kwa kata tatu tu za kundi linaloitwa Naihanchi. Kipimo kilikuwa jicho la mwalimu mmoja aliyemjua mwanafunzi mmoja, na hakuna aliyehitaji kulinganisha matokeo na shule nyingine.

Hali ilianza kubadilika Itosu alipoingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20. Alitunga kata fupi tano za Pinan ambazo watoto wengi wangeweza kufundishwa pamoja darasani. Funakoshi, akiwa mwalimu kwa kazi yake, alikuwa miongoni mwa waliolielewa vizuri badiliko hilo.

Kuhamia Tokyo

Mwaka 1921 aliongoza maonyesho ya karate katika ngome ya Shuri mbele ya mrithi wa kiti cha kifalme, Hirohito, aliyekuwa njiani kwenda Ulaya. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 53, alikwenda Tokyo kuonyesha karate katika maonyesho ya michezo ya Wizara ya Elimu. Alikusudia kurudi nyumbani upesi. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alimwalika aonyeshe sanaa yake Kodokan, makao makuu ya judo, na baada ya hapo Funakoshi akabaki Tokyo.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya dhiki. Aliishi Meisei Juku, bweni la wanafunzi kutoka Okinawa, ambako alifagia, alitunza bustani na kulinda mlango. Mkewe alibaki Okinawa. Alifikia kuweka nguo zake rehani, na alimfundisha karate mpishi wa bweni ili apunguziwe bei ya chakula. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1922, lakini mabamba ya kukichapia yaliteketea katika tetemeko kubwa la ardhi la Septemba 1923.

Mikanda myeusi ya kwanza

Kano alikuwa ametoa dan za kwanza za judo mwaka 1883. Kabla ya hapo sanaa za mapigano za Japani zilitumia vyeti vichache ambavyo mwanafunzi alipewa baada ya miaka mingi, cha mwisho kikimruhusu kufundisha. Kano aligawa safari hiyo ndefu katika hatua fupi: madaraja ya wanaoanza huitwa kyu, na ya waliokomaa huitwa dan. Mkanda mweusi ulikuwa alama ya nje ya mwenye dan.

Mwezi Aprili 1924 Funakoshi aliuchukua mfumo huo na kuwapa wanafunzi saba dan ya kwanza. Yeye mwenyewe hakuwa amepewa dan ya karate na mtu yeyote, kwa kuwa hakukuwa na wa kumpa. Vazi la mazoezi pia lilifuata lile la judo.

Tayari katika kundi hilo la kwanza mkanda mmoja ulibeba maana tofauti. Gima Makoto alikuwa amejifunza karate Okinawa kabla ya kuja Tokyo kusoma, na alimsaidia Funakoshi katika maonyesho ya Kodokan. Otsuka Hironori alikuwa bwana wa jujutsu aliyeanza karate mwaka 1922 tu. Baadaye alianzisha mtindo wake, Wado-ryu. Wote wawili walipata dan ya kwanza siku moja.

Mfumo huo ulifaa sana vyuo vikuu. Klabu ya kwanza ya karate ya chuo kikuu iliundwa Keio mwaka 1924, na nyingine zikafuata. Mwanafunzi wa chuo ana miaka michache tu. Hawezi kukaa miaka 10 kwenye kata tatu. Karate-do Kyohan, kitabu alichotoa mwaka 1935, kinafundisha kata 15. Katika miaka hiyo pia alibadilisha majina ya kata ili yaeleweke kwa Wajapani, kwa mfano Pinan ikawa Heian, na alitetea kuandika neno karate kwa alama yenye maana ya mkono mtupu badala ya mkono wa China.

Si walimu wote wa Okinawa waliofuata njia hiyo. Miyagi Chojun, mwanzilishi wa Goju-ryu, hakutoa dan kwa mwanafunzi yeyote hadi kifo chake mwaka 1953. Wanafunzi wake waliovaa mikanda myeusi baadaye waliipata kwa njia nyingine.

Kuhusu mapambano, Funakoshi alikuwa na msimamo mkali. Alithamini kata na mazoezi yaliyopangwa ya watu wawili, na alipinga mashindano. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo walipoanza kupambana wakiwa wamevaa vikinga mwili, aliacha kuwafundisha. Mwanawe wa tatu, Gigo, alileta misimamo ya chini zaidi, mateke zaidi na mazoezi makali zaidi. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba moja vijana walipimwa kwa mambo ambayo mzee mwenyewe hakuwa amefundishwa.

Vita na uzee

Wafuasi wake walimjengea ukumbi wa mazoezi mjini Tokyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, nao ukaitwa Shotokan. Uliharibiwa na mabomu mwaka 1945, na Gigo alifariki mwaka huohuo kwa kifua kikuu. Funakoshi alikwenda Oita, kisiwa cha Kyushu, kukutana na mkewe aliyekimbia vita vya Okinawa. Mke huyo alifariki mwaka 1947, na mzee akarudi Tokyo.

Mwaka 1946 wakati wa utawala wa Wamarekani, Butoku Kai, chama cha kitaifa kilichosimamia sanaa za mapigano na kutoa vyeo vyake, kilivunjwa. Hili ni jambo linalosahauliwa mara nyingi: tangu hapo karate haikuwa na mamlaka moja ya kuthibitisha madaraja, na kila chama kilitoa vyake.

Chama cha Karate cha Japani (JKA) kiliundwa mwaka 1949, Funakoshi akiwa mkuu wa heshima. Shughuli zake ziliongozwa na wanafunzi wake, hasa Nakayama Masatoshi. Kundi jingine la wanafunzi wake, Shotokai, halikuridhika na mwelekeo wa JKA kuelekea mashindano. Alipofariki mwaka 1957 makundi hayo yalizozana juu ya nani asimamie mazishi, na baadhi ya klabu za vyuo vikuu hazikuhudhuria. Miezi michache baadaye, Oktoba 1957, JKA ilifanya mashindano yake ya kwanza ya taifa.

Baada ya kifo chake

Dan ya juu kabisa aliyowahi kutoa Funakoshi ilikuwa ya tano. Shotokai wameufanya huo kuwa mwisho: kwao hakuna dan ya sita, na hawashindani. JKA iliendelea kupanda hadi dan za juu zaidi, na mtihani wake una sehemu tatu: mbinu za msingi, kata na mapambano. Orodha yake ya kata imekua kutoka 15 hadi 26. Hivyo mwenye dan ya tano wa Shotokai amefika kileleni, ilhali mwenye dan hiyohiyo JKA bado ana mitihani mbele yake, na wote wawili humtaja Funakoshi kama mwalimu wao.

Oyama Masutatsu, aliyejifunza kwake kwa muda, alianzisha Kyokushin, ambako anayetaka mkanda mweusi hupambana raundi nyingi kwa mapigo ya nguvu kamili, jambo ambalo Funakoshi asingelikubali. Mikanda ya rangi nyingi kwa madaraja ya kyu nayo si yake. Ilienea baadaye, hasa baada ya kutumiwa katika judo ya Ulaya na Kawaishi Mikinosuke mjini Paris. Ndiyo maana mkanda wa kijani au wa zambarau huwa daraja la juu katika shule moja na la chini katika nyingine, na anayehama shule mara nyingi huombwa kufanya mtihani upya au kuanza na mkanda mweupe.

Mwaka 1968, miaka 100 baada ya kuzaliwa kwake, Shotokai waliweka jiwe la kumbukumbu katika hekalu la Engaku-ji huko Kamakura. Limechongwa fundisho lake kwamba mwenye karate hatangulii kushambulia.